Kipimo Kinachosubiri Jina la Sumu

Jumanne ya tarehe 5 Machi 2024, katika Kisiwa Panza, kisiwa kidogo cha Wilaya ya Mkoani kusini mwa Pemba, watu wa nyumba nyingi walikula kitoweo kimoja: nyama ya kasa. Kabla wiki haijaisha, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikuwa wamefariki, na wengine 78 walikuwa wamelazwa. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliomtangulia. Msiba wenyewe haukuwa mgeni. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba kwa kitoweo hicho hicho, akiwemo mtoto wa miaka mitatu. Taarifa zilizotolewa mwaka 2024 zilisema vipimo vya maabara vimethibitisha kwamba wote walioathirika walikula nyama ya kasa. Jibu hilo ni sahihi, ila ni jibu la swali la nini kililiwa. Nini kiliua, yaani ni molekuli gani hasa iliyotoka katika nyama ile ikaingia katika damu ya mtoto, ni swali ambalo halijapata jibu la uhakika Pemba wala kwingineko duniani.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa waandishi wa sayansi wamekuwa wakiisifu nanoteknolojia ya DNA, elimu ya kuunda vitu vidogo mno kwa kutumia nyuzi za vinasaba, na hasa matumaini yake ya kugundua maradhi kwa tone moja la damu au mkojo. Sifa nyingi ni za haki. Lakini anayetaka kujua elimu hii inaweza nini na inakwama wapi atajifunza zaidi akiipeleka Kisiwa Panza kuliko akiitazama ndani ya hospitali kubwa ya Ulaya, kwa sababu Panza inaidai kitu ambacho hospitali ile haiidai. Uhodari wa DNA katika vipimo umo katika kutenganisha kazi mbili: kuishika molekuli inayotafutwa, na kumpa binadamu habari kwamba imeshikwa. Kazi ya pili imerahisishwa kiasi cha kushangaza. Ya kwanza bado inadai ujue unachokitafuta, au angalau uwe nacho mkononi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa watu wa Panza safari ya kipimo cha kisasa inaanza na kipande cha nyama kilichohifadhiwa vizuri, muda mrefu kabla ya chombo chochote kununuliwa.

Tuanze na bunju, maana watu wa pwani wanamjua. Sumu ya bunju ina jina, tetrodotoksini, na umbo lake la kikemia lilifahamika tangu mwaka 1964. Mvuvi humtambua samaki huyo kwa macho, humtupa, na mambo yamekwisha. Na mtaalamu anayetaka kutengeneza kipimo cha sumu ile anajua anakamata nini. Kasa hayuko hivyo. Watu wanaweza kumla mara nyingi wasidhurike, kisha mmoja akaja na mauti. Mnyama mwenye sumu huonekana mzima, nyama yake haina harufu ya ajabu wala ladha ya tofauti, na moto wa jikoni hauiondoi. Dalili huanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, kinywa na koo kuungua, vidonda vya ulimi, kushindwa kumeza, kisha usingizi mzito unaoweza kuishia katika kupoteza fahamu. Watoto ndio wanaoumia zaidi, na imeshaandikwa katika nchi mbalimbali kwamba watoto wachanga wamekufa kwa kunyonya tu, huku mama aliyeila nyama akipona. Dawa ya kuivunja sumu hiyo haipo. Tatizo limeripotiwa Madagaska, Visiwa vya Pasifiki, Ufilipino, India na Sri Lanka, na kasa anayetajwa zaidi ni ng'amba, anayekula sifongo za baharini, ingawa kasa wa kijani na wengine pia wamehusishwa. Wataalamu wengi wanahisi sumu haizaliwi na kasa mwenyewe, ila inatokana na mwani au vijidudu vya baharini anavyovila. Hisia hiyo ina uzito. Haitoshi kutengenezea kipimo.

Sasa DNA yenyewe. Kwetu jina hilo hutajwa zaidi watu wanapogombania baba wa mtoto, nasi tumezoea kuifikiria kama daftari la urithi. Wanananoteknolojia wanaitazama kwa jicho lingine: kwao ni mali ghafi ya ujenzi. Uzi wa DNA umeundwa kwa vipande vya aina nne vinavyoandikwa kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C, na nyuzi mbili zenye mpangilio unaolingana hukutana na kufungana kama zipu, bila mtu kuzisukuma. Upana wa nyuzi hizo mbili zilizosokotana ni nanomita 2 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa kuwa kanuni ya kushikana inajulikana, na kwa kuwa mashine za leo huweza kuandika uzi mfupi wowote unaoutaka kwa gharama ya chini ya dola moja kwa herufi, mtu anaweza kuketi mezani, akapanga herufi, akaagiza nyuzi, akazichanganya katika maji ya chumvi, na zikajijenga zenyewe kuwa umbo alilolikusudia.

Aliyelipata wazo hili ni mkemia wa Marekani, Ned Seeman, aliyelichapisha mwaka 1982. Mwenyewe alisimulia kwamba lilimjia alipoukumbuka mchoro wa msanii Escher wa samaki waliojipanga safu kwa safu pande zote, akawaza kuwa molekuli nazo zingeweza kupangwa vile kama DNA ingefungwa mafundo yenye matawi. Kwa miaka mingi kazi yake ilionekana kama mchezo wa werevu. Mwaka 2006 Paul Rothemund wa California alichukua uzi mrefu wa kirusi mmoja, wenye herufi zaidi ya elfu saba, akaukunja kwa kutumia nyuzi fupi zaidi ya mia mbili, akapata nyota, pembetatu na hata sura inayotabasamu, kila moja ikiwa na upana wa nanomita mia moja hivi. Njia hiyo ikaitwa origami ya DNA, kwa kufuata sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Sura ile ya kutabasamu ilizunguka dunia nzima, nami nadhani iliwapotosha wasomaji wengi, kwa kuwafanya waamini kwamba ajabu ni udogo wa picha. Ajabu hasa ni kwamba mjenzi alijua kila herufi imekaa wapi, hivyo angeweza kubandika kitu kingine chochote mahali anapotaka: protini, rangi inayong'aa, au uzi unaoshika sumu.

Uzi unaoshika molekuli ambayo si DNA huitwa aptama, nao una historia yake. Mwaka 1990 makundi mawili ya Marekani, la Craig Tuerk na Larry Gold huko Colorado na la Andrew Ellington na Jack Szostak huko Boston, yalionyesha kwa nyakati zinazokaribiana kwamba ukitengeneza mchanganyiko wa nyuzi zisizo na mpango wowote, matrilioni kwa matrilioni, humo ndani zitakuwemo chache ambazo kwa bahati tu zimejikunja kwa namna inayoikumbatia molekuli fulani. Walianza na RNA, ndugu wa DNA. Miaka miwili baadaye DNA nayo ilionekana kufaa. Kazi ni kuzipata hizo chache. Mchanganyiko hupitishwa kwenye molekuli lengwa, zisizoshika huoshwa, zilizoshika hunakiliwa kwa wingi, kisha zoezi hurudiwa mara kumi au zaidi, kila mara kwa masharti magumu kuliko ya kwanza. Mwishowe hubaki nyuzi zinazoshika kweli. Aptama za sumu za chakula zimepatikana kwa njia hiyo: ya okratoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na kahawa, ilitangazwa mwaka 2008, ya saksitoksini, sumu ya mwani inayoingia kwenye chaza na kome, mwaka 2013, na sumu ya bunju nayo imeshapatiwa zake. Msomaji atambue kwamba katika kila mfano mtafiti alianza akiwa na chupa yenye molekuli safi. Bila chupa hiyo, mchujo hauna pa kuanzia.

Ukishapata aptama, upande wa kutoa habari ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 2011, kutoka kwa Yu Xiang na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois. Walijiuliza: kwa nini tubuni mashine mpya wakati duniani kuna mashine ndogo ambayo kila duka la dawa linaijua, yaani kipimo cha sukari cha mkononi wanachotumia wagonjwa wa kisukari? Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinasoma glukosi tu. Basi wakaipa DNA kazi ya kuifasiri molekuli yoyote kuwa glukosi. Walichukua chembe ndogo za sumaku, wakazifunga nyuzi za aptama, na kwenye aptama wakashikiza uzi mfupi uliobeba kimeng'enya kiitwacho invatesi. Molekuli inayotafutwa ikiwemo kwenye sampuli, aptama huikumbatia na kubadilisha umbo, ule uzi mfupi huachia, na invatesi hubaki ikielea majini. Sumaku huvuta chembe zote kando. Maji yaliyobaki hutiwa sukari ya kawaida ya mezani, ambayo kipimo hakiisomi. Lakini invatesi huivunja na kutoa glukosi, na glukosi husomwa. Namba ikipanda, molekuli ilikuwepo, na kadiri inavyopanda ndivyo ilivyokuwa nyingi. Kwa mbinu hiyo walipima kokeini, adenosini, madini ya urani, na interferoni-gama, protini inayotumiwa katika kuchunguza maambukizi ya kifua kikuu. Kwa sampuli ya damu, yenye glukosi yake ya asili, lazima hesabu ianze na kipimo cha awali cha kulinganishia. Mkojo wa mtu asiye na kisukari hauna shida hiyo. Fikiria maana yake kwa zahanati ya kisiwani: chombo tayari kipo, muuguzi anajua kukitumia, na kinachobadilika kutoka maradhi hadi maradhi ni uzi wa DNA peke yake.

Hapo ndipo wengi huishia kushangilia. Mimi naona ndipo swali gumu linapoanza, na malaria inalionyesha vizuri. Vipimo vya haraka vya malaria vinavyotumika Afrika vingi vinatafuta protini moja ya kimelea iitwayo HRP2, vikitumia kingamwili, siyo DNA. Vimeokoa watu wengi. Lakini mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru wapo vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo: mgonjwa ana malaria, kipimo kinasema hana. Baadaye tatizo likaonekana katika Pembe ya Afrika, na mwaka 2016 Eritrea ikalazimika kubadilisha vipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe pale wagonjwa wanaokosewa kwa sababu hiyo wanapofikia asilimia 5. Kasoro haikuwa katika ufundi wa kipimo. Ilikuwa katika uchaguzi wa kitu cha kutafutwa. Kimelea kinaweza kuishi bila HRP2, kwa hiyo kinaweza kuiacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong, wakiongozwa na Julian Tanner, walichagua kimeng'enya kingine cha kimelea, laktati dehidrojenasi, ambacho kimelea hukihitaji kupata nguvu ya kuishi. Wakakipatia aptama ya DNA, wakachora umbo la aptama ikiwa imekishika mwaka 2013, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba aptama hiyo hufanya kazi hata ikiwa imepachikwa juu ya origami ya DNA. Ukiondoa umaridadi wote wa origami, uamuzi uliobeba uzito ni ule wa kwanza kabisa, wa kuchagua molekuli ambayo adui hawezi kuitupa.

Turudi Panza tukiwa na kipimo hicho cha busara. Molekuli ya kutafutwa ni ipi? Mgombea mmoja yupo. Mtaalamu wa Kijapani wa sumu za bahari, Takeshi Yasumoto, aliripoti miaka ya 1990 kwamba nyama ya kasa iliyoua watu Madagaska mwaka 1994 ilikuwa na lingbiatoksini A. Sumu hiyo hutengenezwa na sianobakteria, vijidudu vinavyoota kama nywele juu ya nyasi za bahari katika maji ya joto, vya jamii inayopatikana pia katika pwani yetu. Kasa wa kijani hula nyasi hizo. Mnyororo unaingia akilini, na kijana mwenye haraka angeweza kuagiza kesho aptama ya lingbiatoksini, akaiunganisha na kipimo cha sukari, akapiga picha, akachapisha. Lakini tukio moja la Madagaska si ushahidi wa kila tukio. Ng'amba hali nyasi kwa wingi, na ndiye anayetajwa zaidi. Inawezekana sumu ni zaidi ya moja, au kwamba mwili wa kasa huibadilisha sumu aliyoila kabla haijamfikia mlaji. Ikiwa muuaji wa Panza ni molekuli nyingine, kipimo hicho kingeonyesha sifuri kwa unyofu kabisa, na mtoto akiendelea kuzama usingizini mbele ya daktari aliyetulizwa na namba. Hatari hiyo naiona kubwa kuliko kukosa kipimo, maana daktari asiye na kipimo angalau humwangalia mgonjwa.

Mtu anayeifuatilia sayansi hii kwa karibu atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema aptama hazihitaji jina. Mwaka 2006 kundi la Weihong Tan huko Florida lilichuja nyuzi za DNA dhidi ya seli nzima za saratani ya damu, bila kujua kilicho juu ya seli zile, likapata aptama zinazozitambua. Protini iliyokuwa ikishikwa na aptama maarufu kuliko zote katika hizo ilikuja kujulikana baadaye. Kwa hiyo, atasema, chukua nyama iliyoua na nyama isiyoua, chuja nyuzi zinazoshika ya kwanza na kuikataa ya pili, na kipimo unacho kabla ya jina. Kimsingi ana haki, na wazo hilo ni zuri. Lakini seli za saratani huoteshwa maabara siku zote, hazimaliziki, na protini zake ni kubwa, zina sehemu nyingi za kushikika. Sumu za aina hii kwa kawaida ni molekuli ndogo, zilizozamishwa ndani ya mafuta na maelfu ya protini za kasa, na aptama za molekuli ndogo ni ngumu kuzipata hata pale sumu ikiwa safi ndani ya chupa. Njia fupi zaidi ya kulipata jina ni spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli moja moja, kisha aptama ifuate. Hata hivyo tusigombane sana juu ya njia, kwa kuwa zote mbili, ya jina kwanza na ya aptama kwanza, zinadai kitu kimoja: nyama ya kasa aliyeua, nyama ya kasa asiyeua, damu na mkojo wa waliougua, vyote vikiwa vimegandishwa mapema. Kisiwani nyama ya kasa hugawanywa kwa majirani na kwisha siku hiyo hiyo, na dalili zinapoanza mabaki yameshatupwa.

Pingamizi la pili ni la watu wenye kuona mbali kwa macho ya kawaida: waacheni watu waambiwe wasile kasa, basi. Kasa wanalindwa kisheria, ng'amba yuko katika hatari ya kutoweka duniani, na serikali ilipeleka ujumbe wa tahadhari baada ya msiba. Nakubaliana na neno hili kwa asilimia mia kama ushauri wa kwanza, na hakuna teknolojia inayouondoa. Ila vifo vya 2021 vilitangazwa, na 2024 ikaja. Ushauri hupambana na uzoefu wa mtu ambaye yeye na baba yake wamekula kasa wakasalimika, na hupambana na siku ambayo nyumbani hakuna kitoweo kingine. Kwa sababu hiyo hiyo nakataa kabisa kipimo cha jikoni, kile ambacho mvuvi angekitumia kujua kama kasa wake ni salama. Kipande cha nyama kinaweza kusomeka safi wakati ini limejaa sumu, na kijikaratasi cha kusema "salama" kingekuwa kibali cha kumchinja mnyama anayelindwa. Mahali pa kipimo hiki ni wodini, na pengine baharini, kwa kupima nyasi na sifongo ili kujua ni majira gani na maeneo gani hatari inapanda.

Lakini wodini kitasaidia nini, ikiwa dawa haipo? Swali hili hujibiwa vizuri kwa kuwahesabu wagonjwa. Watu 78 waliolazwa kwa mkupuo mmoja ni mzigo kwa hospitali yoyote ya wilaya, hata kwa Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani iliyojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2016. Wote walikula, wote wana kichefuchefu, lakini wachache tu ndio wanaoelekea kwenye kupoteza fahamu. Kipimo kinachoonyesha nani ana sumu nyingi katika damu kingemwambia daktari nani alale karibu na mashine ya oksijeni na nani apewe maji na kuangaliwa. Halafu kuna maziwa ya mama. Leo mama aliyekula kasa huambiwa aache kunyonyesha, na hakuna namna ya kumwambia lini arudie, katika kisiwa ambacho maziwa ya kopo ni ghali na maji safi ya kuyachanganyia si ya kudumu. Kupima tone la maziwa yake kungejibu swali hilo kwa siku na saa. Na dawa yenyewe, kama itapatikana, haiwezi kutafutwa kabla sumu haijajulikana. Aliyeijua sumu amepata mahali pa kuanzia.

Wapo pia watakaosema hii ni sayansi ya majokofu na viyoyozi, isiyoweza kuvumilia joto la Pemba. Hapo mambo yamechanganyika. DNA iliyokaushwa huvumilia joto kuliko kingamwili: aptama nyingi zikipashwa moto hukunjuka, zikipoa hujikunja upya, ilhali kingamwili ikishaharibiwa na joto kwa kawaida hairudi. Lakini ndani ya damu DNA hukutana na vimeng'enya vinavyoikatakata, na lazima iongezewe kinga za kikemia. Tena vipimo vingi vya aptama vimebaki katika kurasa za majarida. Vilivyofika madukani ni vichache, na anayeahidi vinginevyo anauza maneno. Kuhusu uwezo wa watu, sina wasiwasi. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2000, na Pemba imekuwa uwanja wa utafiti wa kichocho kwa miaka mingi, kuanzia kuchuja mkojo na kuhesabu mayai chini ya darubini hadi kujaribu kipimo kinachozidisha DNA ya kimelea kwa joto dogo, bila mashine kubwa, ili kuwanasa wagonjwa ambao mayai yao ni machache mno kuonekana. Kipimo hicho ni jamaa wa karibu wa haya tunayoyazungumza. Kimewezekana kwa sababu DNA ya kimelea cha kichocho ilishasomwa, na mtengenezaji alijua aandike herufi zipi.

Kwa hiyo ningekuwa na fedha kidogo za kutumia kwa ajili ya Kisiwa Panza, nisingenunua kihisio chochote mwaka huu. Ningeweka katika kituo cha afya kisanduku chenye mirija ya plastiki yenye vifuniko, barafu ya kusafirishia, na fomu ya ukurasa mmoja: saa ya kula, saa ya dalili, sehemu iliyoliwa, nyama, ini au mafuta, kiasi chake, umri, na kama mtoto ananyonya. Sheha na wahudumu wa afya wa shehia wajue kwamba simu ya kwanza ikipigwa, mabaki ya kitoweo hayatupwi. Boti ivuke na sampuli pamoja na wagonjwa, kisha gari liende Wawi, kwenye jokofu la kugandisha lenye jenereta ya akiba, kwa kuwa umeme wa Pemba hutegemea kebo ya chini ya bahari iliyovutwa kutoka Tanga mwaka 2010. Damu na mkojo vichukuliwe pia kwa waliokula wasiougua, na kasa wanaokutwa wamekufa ufukweni au nyavuni wakatwe kipande kidogo cha kulinganishia. Hayo ni mambo ya shilingi chache na nidhamu kubwa, nayo hayapendezi kwenye picha.

Limebaki jambo la umiliki, ambalo mara nyingi huachwa mpaka limeshaharibika. Mfuatano wa herufi za aptama huweza kupewa hataza, na sumu mpya ya bahari ni mali kwa kampuni za dawa. Molekuli kadhaa zilizotoka kwenye viumbe vya bahari zimeishia kuwa dawa za saratani. Sampuli za Panza zikienda kwenye spektromita ya nje ya nchi, ziende chini ya makubaliano yaliyopitishwa na Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, yanayosema nani anazimiliki, matokeo yanarudi kwa nani na kwa lugha gani, na kipimo kikitengenezwa kitauzwa Mkoani kwa bei gani. Familia zilizozika watoto ziulizwe idhini yao kwa Kiswahili wanachokielewa, na makubaliano hayo yawe yameshasainiwa kabla mrija wa kwanza haujapanda boti.